Mkono wa Somoe

Beberu nilimfuata Masasi kwa malipo ya pili ya korosho,
mabega kama mlango, ndevu za kadhi,
nikasema mwaka huu nabadili mbegu.
Majike yangu ni wa hapa hapa, wafupi,
nyonga zao za kupitisha mtoto wa hapa hapa.
Hesabu hiyo sikuipiga.
Niliyopiga ilikuwa ya kilo.

Jike wa kwanza kushika mimba nilimwita Stakabadhi:
karatasi mkononi, fedha bado.

Usiku wa Julai, ukungu umeishukia Mnyambe
hadi mikorosho imebaki miguu tu,
Stakabadhi akalala, akainuka, akalala,
akaparua vumbi kama aliyedondosha shilingi.
Chupa ilipasuka saa tatu.
Saa tano ikatoka kwato moja,
ikachungulia,
ikarudi.

Waliosema kuzaa si kazi, kazi kulea,
hawakulala zizini kwangu.

Mtandao kwetu unapatikana juu ya kinu
kilichopinduliwa nyuma ya jiko.
Nikapanda. Bwana mifugo Nandonde yuko Tandahimba,
pikipiki haina mafuta, sauti yake inakatika:
"Ingiza mkono... taratibu... mkono mdogo..."
Nikautazama wangu kwa mwanga wa simu.
Kiganja cha kubebea mashine ya kupulizia,
nyufa zimejaa unga wa njano.

"Baba, wewe unanuka salfa."
Ni Somoe, darasa la tano, kajifunga kanga ya mama yake.
Kucha alizikata Jumatatu, kwa ajili ya ukaguzi wa shule.

Maji ya debe moja, tuliyokuwa tukiyabania hadi kesho,
tukayamaliza kwenye mkono mmoja.
Sabuni. Mafuta ya nazi mpaka kiwikoni.
Akafumba macho, akaingia.

"Kuna joto."
"Umeshika nini?"
"Goti."
"Goti au kisigino?" nikapaza sauti kutoka kwenye kinu,
nikiyapokea ya Tandahimba na kuyarusha zizini.
"Viungo viwili vikikunjika upande mmoja, huo mguu wa mbele!"
"Upande mmoja, baba."
"Kichwa je?"
"Hakipo."

Hata wadudu walinyamaza, au mimi ndiye niliyeacha kusikia.

"Kipo. Kimegeukia nyuma,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

Basi nikajifunza uzeeni, juu ya kinu,
kwamba anayekwama mlangoni humvuti:
kwanza unamrudisha ndani.
Uchungu ukija, Somoe anangoja, meno kwenye mdomo,
mkono umebanwa, machozi yanamtiririka bila kilio.
Ukipungua, anasukuma.
Anatafuta taya. Anakosa. Anapata.
"Amenilamba," akasema. "Baba, yuko hai, amenilamba kidole!"

Alitoka mrefu, ana masikio ya baba yake,
akaanguka juu ya majani bila pumzi.
Mama Somoe akamchokoa pua kwa unyasi,
akamsugua kwa gunia la korosho, kwa hasira,
kama anayefuta jina la mtu.
Akapiga chafya.
Stakabadhi akageuka, akaanza kulamba,
akinung'unika maneno ambayo hajawahi kuyatumia kwa yeyote.

Ng'ambo ya uzio beberu alikuwa anatafuna.
Hana habari.

Dang'a ikashuka, mtoto akanyonya magoti yakitetemeka.
Somoe alikaa juu ya debe tupu,
mkono kaunyoosha mbele, haufuti,
damu inakauka juu yake kama hina ya haraka.
"Mama, na mimi nilitoka hivi?"
"Wewe ulitanguliza mguu."
"Nani alinigeuza?"

Mama yake hakujibu. Alinitazama mimi.

Usiku ule nilikuwa Kitangari, kwenye foleni ya ghala,
nimelalia magunia kumi na moja yasiibiwe.
Nilirudi siku ya tatu, na kilo mbili za sukari,
nikauliza: wa kike au wa kiume?

Kulikuwa kunaanza kupambazuka.
Bondeni kwenye maji ni mwendo wa saa nzima kushuka,
na kupanda ni zaidi.
"Inuka kidogo, mwanangu," nikamwambia,
nikachukua debe.