Bakuli la Sita

Amelipa Atufigwege, kwa hiyo hapana wa kulalamika.
Miaka minne ya Osaka, karudi na koti jepesi
lisiloijua Julai ya Mbeya,
akatupakia wote kwenye gari la kukodi
hadi Uzunguni, nyumba ya zamani ya bwana mmoja wa posta
ambamo siku hizi wanakunja wali.

Wanakunja wali. Shangazi Tusekile alirudia mara tatu
akivua kitenge cha mabegani, akijitanda tena kwa baridi.
Wali unakunjwa kama mkeka?
Kama mkeka, shangazi.
Na samaki?
Mbichi.
Akaomba chipsi.

Vikaja juu ya kibao cha mninga, vipande kumi na viwili,
vyeusi pembeni, vyeupe ndani, na kijicho cha kijani katikati.
Baba hakula. Alikibonyeza kimoja kwa kidole gumba
kama anavyokagua maparachichi yake kule Tukuyu
siku ya lori la mnunuzi.
"Hili nalijua," akasema. "La kwetu.
Limewahiwa. Lilitaka siku nne zaidi mtini."
Kisha akaliona fungu dogo la kijani ukingoni mwa sahani,
akadhani ni ndugu yake lile parachichi,
akalitia lote mdomoni.

Hatukucheka papo hapo.
Tulisubiri kwanza tuone kama atapona.
Machozi yalimtoka machoni, puani, sijui wapi kwingine,
miwani ikaingia ukungu kama Loleza alfajiri,
na sauti iliporudi alisema tu:
"Hii ingewafaa kuku wenye mafua."
Hapo tukacheka hata mpishi akachungulia.

Mimi nilikuwa natafuna wali.
Ulikuwa wa Kyela, sikuhitaji kuuliza,
harufu ile haifichiki hata uivishe mwani, uinyweshe siki.
Lakini ulikuwa umeshikamana, punje imelala juu ya punje,
na nikamsikia mama, wazi kabisa, nyuma ya sikio:
nani kauharibu mchele wa watu?
Kwake wali uliogandana ulikuwa kesi.
Angejifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni mwenyewe.

Tulimzika Ipinda, Aprili,
wachimbaji wakichota maji kaburini kwa ndoo ya rangi.
Atufigwege aliona kwa simu,
mtandao ukikatika kila jembe lilipopanda juu.

Tulikuwa watano mezani.
Alipopiga kuweka nafasi alisema tuko sita.
Mabakuli ya wali mtupu yakaja sita,
na hakuna aliyemsahihisha, hata yeye.

Mwanangu Gwakisa, vijiti vilikuwa vimemshinda.
Alikuwa amevitumia kama ngoma, kama masharubu,
kama pembe za ng'ombe. Mwisho akalivuta lile bakuli lisilo na mtu
akavichomeka katikati, wima,
kama mambo mawili shambani.

Mhudumu alikuja mbio, Vumilia, binti wa Mafinga,
akainama karibu na sikio langu.
"Samahani dada. Havisimamishwi hivyo.
Kwa wenyewe kule ni vya... huwekewa marehemu."
Akanyoosha mkono avitoe.

"Viache," Baba akasema.

Mkono ukabaki hewani.
Atufigwege alikuwa anatazama meza, anajua,
tangu mwanzo alikuwa anajua maana yake
na hakumkanya mtoto.

"Ndaga," Baba akamwambia yule binti, taratibu,
neno ambalo kwetu ni asante na ni pole,
naye akaondoka na trei yake bila kujua amepewa lipi.

Mvuke ulipanda kidogo kati ya vile vijiti, ukaisha.
Nje jenereta la jirani lilianza kukohoa.
Shangazi akachagua chipsi tatu, zile ndefu,
akazipanga kando ya bakuli.

"Huyu naye," akasema, "mbichi asingekula."