Somo Lenye Upungufu

Penye "Sababu ya kuchagua somo"
niliandika: Wito.
Wino wa bluu. Mkono haukutetemeka.
Uongo ule niliuandika Igoma, kibandani kwa mpiga chapa,
mashine ya kurudufu ikihema ubavuni mwangu.
Fizikia na Hesabu, kwa kuwa Bodi ilisema
asomaye hayo atakopeshwa ada yote na chakula,
na akifundisha miaka mitano kule walimu wasikokaa
deni litafutwa, fungu moja kila Desemba.
Niliyoipenda ni Historia.
Historia haikuwa na mkopo.

Wakanipanga Ukerewe.
Meli ikanishusha Nansio na godoro, ndoo,
na boksi la vitabu lililolowa upande mmoja.
Sekondari ya Nyamasale haikuwa na mtu wa Fizikia
tangu yule wa mwisho aende harusini Magu
asirudi.
Kwenye ratiba, mahali pa jina langu,
penseli ilikuwa imefuta na kuandika, kufuta na kuandika,
hadi karatasi ikatoboka.

Maabara ilikuwa stoo ya mahindi.
Muhula mzima niliwafundisha umeme kwa mdomo,
wakaukariri kama majina ya mababu.
Hadi usiku mmoja, mwezi haupo,
nikawatoa bweni tukasimama juu ya mwamba.
Ziwani wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha mji.
"Mtumbwi ule wa karibu una taa tatu, betri moja.
Moja ikiungua, zile mbili je?"
"Zinawaka tu, mwalimu."
"Kwa nini?"
Mbu. Kikohozi.
Kisha Nyangeta Mafuru, binti wa fundi betri:
"Kila taa ina njia yake ya kwenda na ya kurudi."

Mwaka wa tatu mwalimu wa Historia alijifungua pacha.
"Shikilia vipindi vyake kidogo," alisema mkuu wa shule.
Kidogo ikala mwaka.
Sikulalamika; nilikuwa mlevi
aliyeachiwa ufunguo wa kilabu.

Mwaka wa tano ulipokatika nikavuka kwenda Mwanza,
nikapanga foleni, bahasha kwapani,
moyoni nimeshawajibu watu wa mgodi wa Geita: naja.
Karani akapekua, akalamba kidole, akapekua.
"Ni minne. Ule wa tatu ulifundisha somo lisilo na upungufu."
"Mwalimu wake hakuwepo."
"Mwalimu hakuwepo, ndiyo. Ila somo halina upungufu."
Alisema kwa upole,
kama muuza duka anayekupa chenji pungufu
na pipi juu yake.

Nilicheka hadi mlinzi akageuka.
Nje, mawe ya Mwanza yalikuwa yamebebana vilevile,
jiwe juu ya jiwe, bila mkataba.
Nikanunua kilo ya sukari, nikarudi kudaiwa.

Jana Nyangeta alibisha hodi.
Amemaliza kidato cha sita, ana fomu ile ile,
anataka sahihi yangu penye "Mdhamini".
Nikasoma taratibu, mstari kwa mstari.
Penye "Sababu" ameandika:
Hela. Baba hana.

"Una hakika uiache hivi?"
"Wewe uliandika nini, mwalimu?"

Nikajifanya natafuta kalamu.
Nilikuwa nimeishika.