Kikombe cha Shaba

Nilimwahidi Vilja: sitavuka mpaka Ijumaa.
Tulimwacha farasi wetu, Uji (jina alilichagua yeye,
kwa ajili ya rangi), akila nyasi kando ya daraja,
tukahifadhi mchezo, tukazima runinga,
nikamfunga skafu, nikampeleka kwa mama yake
ng'ambo ya mto, hapa Kemi, theluji ikidondoka
kama iliyosahau kuacha.

Wiki ya mama yake ni ndefu kuliko yangu.
Narudi kutoka kiwanda cha karatasi saa moja asubuhi,
mikono inanuka rojo la mbao, giza bado limejaa tele,
nakata mkate mweusi,
na pale sebuleni daraja linaningoja.

Upande huu Mama Orsha na wahunzi wake,
masizi hadi kwenye kope:
wanataka mto uzibwe, tanuri zipate nguvu,
watoto wa bondeni waote moto.
Upande ule Kapteni Iveld na Walinzi wa Kandili:
wanasema mto una pumzi, ukizibwa
wafu waliolala chini yake watakosa njia.
Wote wawili wana haki. Hilo ndilo linaloniudhi.
Aliyeutunga mchezo huu hakunipa mwovu
wa kumtupia lawama nikalala.
Chagua. Ukichagua, mlango wa pili utafungwa.

Jumatano nilivuka.

Nilijiambia, natazama tu, kisha narudi.
Nikashika kandili, nikaapa. Iveld akanivika joho la buluu,
na amri ya kwanza ilikuwa ya usiku uleule:
karakana ya wahunzi, kimyakimya, bila tarumbeta.
Mama Orsha hakukimbia. Alishika koleo, akaniita kwa jina,
Vira, jina letu,
herufi mbili za Vilja, mbili za Raimo,
akasema, "Mkate uko mezani,"
akaanguka.

Nikarudi nyuma. Kitufe kimoja.
Uji anakula nyasi. Daraja halina hata tone.
Mama Orsha anatoka karakanani akijifuta mikono,
"Mkate uko mezani," ananiambia, ananimegea.
Katika dunia ile nzima hakuna aliyekumbuka
ila mimi.
Nikaupokea. Mchezo hauna kitufe cha kukataa mkate.

Ijumaa Vilja aliingia, hata kofia hakuvua.
"Hujavuka?"
"Sijavuka."

Mshika mawili, husemwa, moja humponyoka.
Haisemwi lolote juu ya yule aliyeliangusha moja
akaliokota tena, zima, lenye joto,
likamwamkia.

Akawasha. Na kabla ya farasi, kabla ya daraja,
pembeni mwa skrini, kwenye rafu ya tuzo
isiyofutika hata urudi nyuma mara mia,
kikombe kidogo cha shaba:
Msaliti wa Karakana. Jumatano, saa mbili na dakika kumi.

Alikisoma taratibu. Ana miaka tisa,
kila kitu hukisoma taratibu.
Nje gari la kukwangua theluji lilipita, likarudi.
Miaka miwili nyuma alikaa kwenye kiti hichihichi
tukamuuliza, mama yake na mimi,
kwa zile sauti laini za watu wazima,
angependa wiki zigawanywe vipi.
Alisema, "Vyovyote."
Hatukumwandikia popote kwamba mlango wa pili utafungwa.

"Orsha alisema nini mwishoni?"
"Kwamba mkate uko mezani."

Akaitikia kwa kichwa. Akanisogezea pedi ya pili,
ambayo mchezo huu hauitumii,
akamfungua Uji kamba, akamgeuza
asiende kwa wahunzi wala kwa kandili,
akafuata ukingo, kule mto unakotokea,
ambako ramani ni nyeusi na hakuna tuzo.

Niliishika ile pedi kwa muda.
Kisha nikaenda jikoni, nikakata vipande viwili,
nikapaka siagi, nikaviweka mbele yake,
na sikusema viko wapi.