Kazi: Mchunga Ngamia

Nimezaliwa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
na ngamia sikupata kumwona.
Bibi alisema alikuwapo mmoja, zamani,
akizungusha kinu cha mafuta;
akafa, likabaki jina.
Nami nikakulia juu ya jina hilo, nikajifunza mikate.

Viza iliingia kwenye simu saa tano usiku.
Mama akawasha taa ya pili,
kana kwamba herufi za Kiarabu zinakula mwanga zaidi.
Picha ni yangu, na tai ya kuazima.
Jina limekatwa: Mhina, bila Kibwana.
Chini yake neno tusilolijua.
Baada ya alfajiri tukampelekea ustadhi Hemedi.
Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akasoma tena.
"Hapa wanasema wewe ni mchunga ngamia."

Nikapiga simu Ibri.
Bwana Zahran, Kiswahili chake ni cha nyanya yake,
hakijatoka nje ya nyumba miaka sitini.
"Nafasi ya mwokaji ilikuwa moja, mwanangu, ina mtu.
Ilobakia ya ngamia.
Karatasi haikandi unga. We njoo."

Oveni nilikuwa nimeshaiuza.
Mapafu yameshapigwa picha, damu imetolewa,
vidole kumi vimechovywa wino,
polisi wameandika kwamba sina baya:
mtu mwema, mzima, mchunga ngamia.
Uwanja wa ndege wa Maskati askari akaitazama karatasi,
akatazama viatu vyangu.
Hakucheka. Nilitamani acheke.

Huu mwaka wa pili.
Saa tisa usiku niko kwenye unga,
mifuko minne, hamira, chumvi kwa kiganja si kwa kijiko,
tanuri linanguruma, na Ibri yote imelala na viyoyozi vyake.
Mkate wangu wanaujua. Watoto wa shule huuita "wa Mhina",
wanaurarua ukiwa wa moto, wanapuliza vidole.
Mwokaji wa karatasi ni Rafiki wa Chitagongi:
yeye husambaza kwa pikipiki,
na yai hajui kulichemsha.

Akija mtu mwenye faili,
Rafiki hugonga sinia mara mbili.
Natoka mlango wa nyuma, aproni kwapani,
nasimama juani kati ya mitungi ya gesi,
unga hadi viwikoni,
kama mtu aliyepotelewa na kundi.

Ijumaa moja Bwana Zahran akanipakia kwenye pikapu
hadi zizini kwa shemejiye, nje ya mji.
Labda ni aibu, labda ni mzaha, sikumuuliza.
Nikasimama mbele ya kazi yangu.
Kazi yangu ilikuwa na kope ndefu kumshinda bibi harusi,
na pumzi mbaya.
Nikaishikia mkate wa jana.
Ikaupokea kwa midomo, taratibu,
kama karani anayepokea fomu iliyokosewa,
ikatafuna upande, upande,
ikinitazama.
Nikaiambia: basi, leo nimekuchunga.

Jana kapiga simu mdogo wangu Mwanaidi.
Ameanza kidato cha kwanza, wamempa fomu.
Jina la mlezi kajaza. Anwani kajaza.
"Kazi ya mlezi, kaka, niandike nini?
Mwalimu anataka ilingane na kitambulisho."
Nyuma yake namsikia mama akiuliza kama nimekula.

Viza inaisha Rajabu. Bwana Zahran kasema
safari hii ataomba ya mwokaji, inshallah,
na mimi nimeshakaa hapa vya kutosha
kujua kwamba inshallah ziko mbili.

"Andika mwokaji," nikamwambia.
Kisha, kabla hajakata:
"Kwa penseli."