Mstari wa Arobaini na Moja

Mtihani wa majaribio, Hisabati, Kidato cha Nne,
naupanga mwenyewe, Limbani, Wete.
Umeme umerudi saa nne usiku, nami naukimbilia
kama anayekinga maji ya bomba kabla hayajakatika.

Mama akapita, kanga begani, akachungulia kioo:
"Mize, dola zote hizo ni zako?"
Si zangu, mama. Ni alama tu ya mlango.
Dola ya kwanza, hesabu inaingia; ya pili, inatoka.
Ni kama ukishafunga sala, nikamwambia,
huzungumzi ya dukani mpaka utoe salamu.
"Basi toa salamu ukalale," akasema, akenda zake.

Sikutoa. Hapo ndipo ilipoanzia.

Mashine ikagoma mstari wa arobaini na moja:
dola imekosekana, nimeitia.
Nani kakutuma? Na umeitia wapi?
Nikauendea huo mstari na miwani yangu.
Mtupu.
Hauna herufi, hauna nukta,
ni nafasi niliyoiacha ili aya ipumue,
na sasa ndiyo inayoshitakiwa.

Mwiba, wanasema, hutokea ulipoingilia.
Waliosema hawakupanga milinganyo.
Mguu unauma arobaini na moja,
mwiba uliingia thelathini na nane,
pale nilipoandika *x ni bei ya karafuu kwa kilo*,
nikafungua mlango kwa ajili ya x
nikasahau kuufunga nyuma yake.
Basi yote yaliyofuata yakaingia ndani kwa mkumbo,
karafuu, kilo, mkulima wa Mzambarauni na magunia yake,
yakalala upande, yakagandana, hayana pumzi,
kwani ndani ya hesabu hakuna neno.
Bei si bei. Ni *b* mara *e* mara *i*,
watu watatu wasiojuana wanazidishana.

Nikafunga. Ikaenda.
Ikagoma tena: kipeo juu ya kipeo.
Nilimpandisha mbili juu ya x, na tatu juu yake,
bila kusema nani kambeba nani.
Inataka mabano, yale yenye kiuno,
uwafunge pamoja kama mtoto na mbeleko.
Nikawafunga. Saa saba na nusu.
Halafu kile kistari cha chini katika jina la faili,
nilichokiweka kwa mazoea, nje, barazani,
nacho hakijui kukaa barazani,
kazi yake ni kushusha namba miguuni pa herufi.
Nikakitilia mkwaju mbele. Kikatulia.

Saa nane, kimya. Hakuna kosa hata moja.
Nikachapa nakala tisini na mbili,
nikalala na harufu ya wino vidoleni.

Asubuhi, dakika ya kumi, Raya Hamadi akanyoosha mkono:
"Mwalimu, swali la sita. *Tafutax* ni nani?"

Darasa likaangua kicheko.
Nikaitazama karatasi. Kweli, yumo,
kalala upande, mzuri, jina kamili,
dola huku na dola huku, milango yote imefungwa,
na mimi niliyemfungia ndani.
Mashine haikuwa na la kulalamika.

Nikashika chaki, nikaandika ubaoni:
tafuta,
nikaacha nafasi pana, pana kuliko inavyotakiwa,
ndipo nikaandika x.