Karakana ya Nozeli, Mwanga

Umeme ukirudi, paka wa Ntahondi hutoka mbio.
Anasikia kitu. Sisi tunapata mluzi tu,
mwembamba, kama wa mbu aliyepotea njia,
na beseni la chuma linaanza kutetemeka.

Ndani, nozeli sita za boti ya mizigo,
nyeusi kwa masizi ya safari za Kalemie.
Maji yalikuwa maji.
Sasa yana ukungu.

Vipovu. Vinavimba, vinanywea, vinavimba,
vinajipanga nyuzi nyuzi, matawi matawi,
kisha kila kimoja kinajibomokea ndani kwa ndani
na ngumi yake ndogo inatua kwenye masizi.

Ntahondi anatumbukiza karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara.
Dakika moja. Anaiinua juani:
chekecheke.
"Unaona kinavyouma?"

Siku moja, kwa haraka zangu, nilipandisha nguvu hadi mwisho.
Wingu likawa zito, jeupe, likalalia kitako cha beseni
pale pale sauti inapotokea,
likaimeza.
Nozeli zikatoka na weusi wake ule ule.

Hakufoka. Alirudisha kitufe nusu,
akangoja maji yateme hewa yake.
Sikio lake la kushoto lilibaki kwenye injini ya meli,
kwa hiyo huweka kiganja ubavuni mwa beseni,
anajua.

Paka amerudi.
Tunaipima nozeli ya kwanza: napiga pampu,
nayo inapuliza wingu lake yenyewe,
laini, bila tone.