Miligramu Nne

Zihalirwa, ufunguo wa jokofu ni huu.
Huu wa pili, wenye kutu, sijui unafungua nini;
niliurithi, nawe urithi.

Umeme wa hapa Bukavu ni kama mdaiwa:
ukimwona kwa mbali, keshakata kona.
Mwaka wangu wa tisa ulikatika saa mbili usiku,
na kimeng'enya changu, jasho la miezi saba,
kikaanza kufa ndani ya kichupa kisichozidi kidole.
Nikashuka Kadutu na ndoo, mvua, tope likinivua viatu,
nikamgongea Mama Nabintu, muuza sambaza.
Barafu?
Barafu.
Hakuuliza zaidi. Akasukuma samaki upande,
tukakilaza pale, kati ya macho madogo elfu.
Asubuhi kilikuwa kingali hai.
Kwenye makala niliandika: nyuzi sifuri, chombo cha barafu.
Harufu sikuitaja.

Wenzangu hudhani nilianzia chuoni.
Nilianzia kwenye hori la kasiksi,
mama akikamua ndizi kwa majani makavu,
akinyunyiza mtama uliokaangwa, akifunika:
Usifunue, humo mna watu kazini.
Baadaye profesa alijaza ubao mzima
kunieleza watu wale.

Mkwinini huupika uchungu wake kimya,
bila jiko, bila asidi, mizizi imo matopeni.
Sisi kumuiga: hatua kumi na saba,
na kila hatua hula nusu ya ulichonacho.
Kwenye ile ya tisa asidi ilinishinda,
ikinizalia mkono wa kulia na wa kushoto pamoja.
Kimeng'enya kilichagua wa kulia tu.
Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja na tochi.

Nusu kilo ilipoingia, zikatoka miligramu nne.
Miaka thelathini na moja, Zihalirwa:
chumvi ya kutosha ukucha.

Kila nilipopanda Kabare mama aliuliza,
Imekuwa dawa?
Bado, mama.
Homa ilimkuta na jibu hilohilo.

Kichupa kiko rafu ya juu, nyuma ya maji yaliyotoneshwa.
Usikifungue kuwaonyesha wageni.
Hatua ya kumi na mbili nadhani nilikosea;
angalia daftari la kijani, ukurasa wenye doa la chai.
Mama Nabintu hakutaka fedha, mpelekee sukari.
Na ile ndoo ya bluu
usiitupe.